Filamu Mbaya za Kaka Yangu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyopiga chafya nikiwa maiti. Nilikuwa msichana bado. Kaka yangu Njoroge, aliyekuwa akipasua mbao Elburgon, alikuwa akitengeneza filamu yake ya kwanza kwa kamera ya kuazima, na marehemu nilikuwa mimi. Vumbi la mbao likaniingia puani, nikapiga chafya ndani ya jeneza. Yeye hakuiondoa sehemu hiyo. Alisema waombolezaji wamelia vizuri mno, haifai kurudia.

Tulipoionyesha katika ukumbi wa kanisa, watu walicheka hadi benchi moja likaanguka. Nilikimbilia nyumbani nikiapa kutoigiza tena. Mama alikuwa akimenya viazi, wala hakuinua macho.

"Kaka yako hajui kazi hii, hilo naliona," akasema. "Lakini ameianza na ameimaliza. Hao wanaocheka wamemaliza nini?"

Nikarudi. Nimeigiza katika filamu zake zote, na sikudanganyi, hakuna hata moja iliyokuwa nzuri. Jambazi anafukuzwa huku akisalimia majirani. Mvua inanyesha upande mmoja wa nyumba. Njoroge alizipenda zote, akazipeleka Molo, Njoro, hadi Gilgil. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kaka yangu alivunja koleo nyingi.

Mwaka jana akaja binti mmoja kutoka Nakuru, Chebet, aliyesomea kazi hiyo ya filamu. Alitaka kutengeneza filamu ya maisha ya Njoroge.

"Mzee, nisikufiche," akamwambia. "Filamu zako ni mbaya."

"Zote?"

"Zote. Lakini nikiwa mdogo ulileta moja shuleni kwetu. Siku hiyo ndiyo nilijua watu wa huku kwetu wanaweza kushika kamera."

Mimi nilipinga. Nilimwambia kaka yangu atachekwa uzeeni, mbele ya wajukuu. Akatafuna hindi lake polepole, ndipo akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Aonyeshe kila kitu."

Basi filamu ya Chebet ikaonyeshwa Nakuru, mchana wa Jumamosi, ukumbi umejaa pomoni. Watu walicheka, tena sana. Kisha ikaja sehemu ambapo kijana anayemwigiza Njoroge amebeba projekta mgongoni, anakanyaga matope kuelekea shule ambako gari halifiki. Ukumbi ukanyamaza. Ilipoisha, watu wote walisimama. Walipiga makofi mpaka Njoroge akakosa pa kuweka mikono yake.

Akapewa maikrofoni. Nilidhani atashukuru.

"Jumatatu naanza filamu mpya," akasema. "Nahitaji farasi, na mtu anayejua kuanguka."

Mikono ikainuka ukumbi mzima. Wa kwanza alikuwa Chebet.

Mwanangu, kipaji ni zawadi, na si kila mtu huzawadiwa. Ukiipenda kazi, ifanye hata kama mkono wako ni mzito. Wakikucheka, cheka nao kidogo, halafu urudi kazini, kwa maana hujui ni mtoto gani amekaa nyuma akikutazama. Mungu akupe kazi utakayoipenda, akupe ngozi ngumu ya kuivumilia, na akuweke hai uione siku watu watakaposimama kwa ajili yako.