Bibi Harusi wa Kwenye Keria

Mama yake mzazi alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba binti yake ni daktari wa vichwa. Kwa hiyo kila Jumapili binti alipokwenda kumsalimia alikuta foleni sebuleni: mwenye kipandauso, mwenye jipu la utosini, na baba mmoja aliyetaka kujua kama upara unarudi nyuma.

"Mama, mimi ni mwanasaikolojia. Nazungumza na vijana walioshtakiwa."

"Yaani kuzungumza tu ndiko ulikosomea miaka yote ile? Hebu mwangalie huyu baba upara wake, mwanangu, usinitie aibu."

Akauangalia. Ulikuwa upara wa kawaida.

Katika mahabusu ya watoto alikofanya kazi, mambo yalikuwa afadhali kidogo. Huko vijana walimwita Shangazi, kwa vile aliuliza maswali na hakubanduka mpaka ajibiwe. Ofisi yake zamani ilikuwa stoo ya magodoro. Ilikuwa na viti vitatu, feni iliyolia kama kifaranga, na dirisha lililotazama kamba za kuanikia sare.

Mwezi ule kichwa kilichomsumbua kilikuwa cha Meno. Kijana huyu aliiba baiskeli mchana kweupe mbele ya duka la fundi cherehani, na kwa haraka zake hakutazama nyuma. Kwenye keria fundi alikuwa amefunga sanamu ya kuvalishia nguo, imevikwa gauni la harusi alilokuwa akimpelekea mteja. Meno akakata mtaa baada ya mtaa akishangaa mbona watu wanampigia makofi na kumtakia heri. Alipogeuka na kumwona bibi harusi asiye na kichwa amemwegemea mgongoni, alipiga yowe, akaingia mtaroni, yeye, baiskeli na mkewe.

Mahakamani, mashtaka yaliposomwa, Meno alicheka. Alicheka mpaka akashika kizimba asianguke. Hakimu akawaka. Lakini Meno hakuwa na dharau hata chembe. Alikuwa mmoja wa wale ambao hofu ikiwaingia, hutokea mdomoni kama kicheko. Alicheka akidungwa sindano, alicheka kwenye mitihani, na alicheka mazikoni kwa babu yake, akachapwa na ukoo mzima. Shangazi alieleza hayo, na hakimu akatoa nafasi moja tu: Meno akutane na fundi, amwombe radhi. Fundi akisamehe, kijana arudi nyumbani chini ya uangalizi. Akikataa, shule ya maadilisho, miaka miwili.

"Miaka miwili kwa sababu ya kicheko!" Shangazi alimfokea mlinzi wa geti, ambaye hakuwa ameuliza kitu. "Mtu mzima akicheka kortini tunasema ana mawazo. Mtoto akicheka tunasema ameshindikana. Nani ametufundisha kusoma nyuso kwa upofu huu?"

"Sijui, Shangazi," mlinzi alisema, akarudisha uso wake ndani ya kibanda, usije nao ukasomwa.

Shangazi na Meno wakaanza mazoezi ya kuomba radhi. Shangazi alijitundikia utepe wa kupimia shingoni, akawa fundi.

"Kwa nini uliniibia, wewe kijana?" alinguruma.

"Naomba rad... hii hii hii!"

"Ng'ata ulimi."

"Nimeung'ata, Shangazi. Nao unacheka."

"Fikiria mtihani wa hesabu."

"Ndiyo umezidisha!"

Mwishowe akamfundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutazama vidole vya miguu na kuvuta pumzi polepole. Hilo likasaidia, ingawa si sana.

Siku ya kikao fundi alikuja na shati lililopigwa pasi hadi lingeweza kusimama peke yake, na uso mkavu kuliko shati. Meno akatazama vidole vyake. Shangazi akamwomba fundi aeleze alivyoumia.

"Shanga za gauni lile nilizishona moja moja, kwa mkono," fundi alianza. "Nikalifunga vizuri, nikarudi ndani kuchukua miwani. Kutoka, hola! Nikakimbilia polisi, nikasema nimeibiwa bibi harusi."

Meno alikanyaga sakafu kwa nguvu zote.

"Askari akaniuliza ana umri gani. Nikasema hana umri. Akaniuliza sura yake ikoje. Nikasema, afande, hana kichwa. Akaniweka chini ya ulinzi."

Fundi hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa yamelowa. Na hapo Shangazi, pamoja na shahada zake mbili na moyo uliokuwa ukidunda kwa hofu tangu asubuhi, alitoa sauti kama birika linalochemka, kisha akaangua kicheko. Akaziba mdomo. Kikatokea puani.

Fundi akainuka, akachukua kofia yake.

"Mzee, tafadhali kaa," Meno alisema. Hakuwa anacheka hata kidogo. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya kiti cha Shangazi. "Nyayo chini, Shangazi. Zote mbili. Tazama vidole. Vuta pumzi... haya, toa." Akamgeukia fundi. "Msamehe, mzee. Si dharau. Yeye akiogopa, hucheka."

"Anaogopa nini, mtu mzima na ofisi yake?"

"Anaogopa utakataa, nipelekwe miaka miwili. Mimi pia naogopa, ila leo kaniwahi." Akamsogelea kwa magoti. "Mzee, nilitaka baiskeli tu. Bibi harusi sikumjua. Lakini kule mtaroni nililiona gauni, na zile shanga kwenye tope. Nilijua kuna mtu nimemuumiza. Nisamehe, baba."

Fundi akashusha kofia.

"Bibi harusi alikuangukia?"

"Kifuani, mzee. Nilidhani ananibusu."

Mdomo wa fundi ukacheza upande mmoja. Akakaa.

"Kijana nimemsamehe," alisema. "Ila huyu mama mtafutieni mtu wa kuzungumza naye."

Kortini, hakimu alipofungua jalada kusoma uamuzi, mabega ya Meno yakaanza kutikisika. Hakimu akavua miwani. Kabla Shangazi hajatamka neno, fundi alisimama kule nyuma.

"Mheshimiwa, wewe soma tu. Ni ugonjwa wa ofisi nzima."

Hakimu akamtazama Shangazi, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa mkoba, akarudisha miwani, akasoma: arudi nyumbani.