Marehemu Apata Neno la Kusema

Mtaani walimwita Marehemu, na mwenyewe aliitika. Akipita kwenye kibanda cha kinyozi, kinyozi husimamisha mashine kichwani mwa mteja na kuuliza, "Marehemu, leo umezikwa wapi?"

Naye hujibu, "Leo nimelazwa tu mlangoni mwa benki. Hata sanda sikupata."

Watu hucheka, naye hucheka nao, kisha hushika njia yake. Mkewe, aliyezoea kumfuata nyuma na mfuko wa sokoni, hakucheka. Alikuwa mwanamke wa kusikiliza. Alisikia yale yanayosemwa kwa sauti, na yale yanayosemwa baada ya mgongo kugeuka alijitahidi kuyasikia pia, ingawa yalimnyima usingizi.

Kazi ya mumewe ilikuwa kufa. Katika ile tamthilia ya kikosi cha kupambana na magaidi, iliyokuwa ikiwafungia watu ndani kila Ijumaa, yeye alikuwa mmoja wa wale wanaolala chini baada ya bomu. Alikwisha kufa sokoni, kwenye treni, kwenye ngazi za mahakama na ndani ya lifti. Uso hupakwa masizi, damu ya rangi humchirizika sikioni, na afisa shujaa humruka na bunduki yake kwenda kumfukuza adui. Dada mmoja mpambaji, aliyekuwa akimpaka hiyo damu, alimsifia mbele ya mkewe. "Shemeji, wengine wanakufa kama watu waliolala. Huyu wako hata nzi akimtua mdomoni hatikisiki. Anakufa kweli." Mke alimshukuru, akarudi nyumbani.

Wahenga walisema kufa kufaana. Kwa vifo hivyo nyumba ilipata mkate, na binti yao wa pekee akaenda shule. Ila shuleni huko wenzake walimwita Yatima. Mtoto mwenye baba mzima, baba anayeoga, anayekoroma, anayegombania rimoti, aliitwa Yatima hata mbele ya walimu, na walimu wakageuza nyuso ili watabasamu.

Siku moja binti aliketi jikoni na sare yake, hataki kuivua. "Mama, kwani baba hawezi kuwaomba aseme hata neno moja? Hata kuitikia salamu?"

"Kazi ni kazi, mwanangu."

"Hata wanaokufa hospitali huwa wanasema kitu kwanza."

Baba alikuwa chumba cha pili, na kuta zao zilikuwa nyembamba. Tangu siku ile mke alianza kumkuta akisoma kwa sauti maandishi ya kwenye pakiti za sabuni na chupa za dawa, polepole, kama mtu anayepima kama daraja litamhimili. Hitaji lake lilikuwa moja tu: binti yake amsikie akisema kwenye televisheni.

Kisha tamthilia ile ikafika mwisho. Wakubwa wa kampuni wakatangaza kwamba itazaa nyingine: kikosi kingine, mji mwingine, magaidi wengine, na waigizaji wapya tupu. Hakuna sura ya zamani itakayoonekana. Wale mashujaa waliozoea kupigiwa honi barabarani wakakusanya virago vyao na manung'uniko yao. Mke wa Marehemu alipopata habari hiyo alikaa kitandani na viatu miguuni. Kama mashujaa wametupwa, nani atamkumbuka maiti?

Mwongozaji alimkumbuka. Alimwita ofisini, akamgeuza kushoto na kulia chini ya taa, akacheka peke yake. "Mzee, wewe umekaa humu kuliko hata kamera, lakini nani aliwahi kuuona uso wako? Siku zote masizi, siku zote umeangalia sakafu. Wewe ni sura mpya."

Akampa nafasi ya mtaalamu wa mabomu katika kikosi kipya. Katika sehemu ya kwanza angesema maneno haya: "Msikimbilie getini! Kuna la pili!" Akiyasema vizuri angebaki katika kikosi hadi mwisho wa tamthilia, aseme na mengine. Akishindwa, nafasi hiyo ina wengi wanaoingoja.

Siku hiyo alirudi nyumbani hajui mikono aiweke wapi. Alimwambia mkewe mlangoni, kisha akamwambia binti. Binti akauliza, "Umesimama, au umelala?"

"Nimesimama."

"Na hufi?"

"Sifi, mama."

Binti alitoka mbio, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa na habari. Mke alitamani angeiziba midomo yote kwa kiganja chake. Alijua furaha ikitangazwa mapema huvutia jicho baya, na alijua pia jambo moja ambalo mwongozaji hakulijua.

Jambo lenyewe ni hili. Zamani, mumewe alipoanza kazi, mwalimu wa wale wanaoanguka alimkanya asifikiri. Mtu anayefikiri huanguka kwa mikono, akasema, na kamera inaona uongo. Mlipuko ukisikika, magoti yaachie kabla kichwa hakijapata habari. Basi mume akafanya mazoezi nyumbani, na mkewe ndiye aliyemsaidia. Alinyemelea nyuma yake na mfuniko wa sufuria, akauachia sakafuni, na mumewe akaporomoka kama gunia lililokatwa kamba. Walicheka sana enzi hizo. Baadaye hakukuwa na haja ya mfuniko. Tairi likipasuka barabarani, anaanguka. Mlango ukipigwa na upepo, anaanguka na kikombe mkononi. Kwenye harusi ya shemeji yake spika ilipiga kishindo, akalala chini na suti, wageni wakaanza kutafuta maji ya kumwagia.

"Baba nanihii," mke alimwambia usiku wa habari ile, kwa sauti ya chini, "na magoti yako je?"

"Magoti ni yangu. Nitayaambia."

Wakaanza upya. Alisimama katikati ya jikoni, mke akaachia mfuniko nyuma yake. Akaanguka. Akainuka, akajifuta, mfuniko ukaachiwa tena. Siku za kwanza alianguka kila mara, na mke akawa anauweka mfuniko chini kwa huruma badala ya kuutupa, naye akamkemea, "Usinidekeze. Tupa." Binti akajiunga, akawa anapasua mifuko ya karatasi nyuma ya sikio la baba yake. Polepole magoti yakasikia. Alitetemeka, akayumba, lakini akabaki wima na kusema, "Msikimbilie getini! Kuna la pili!" Jirani mmoja alichungulia dirishani kuuliza la pili lipi. Siku mfuniko, karatasi na mlango vilipogonga kwa pamoja naye akasimama kama mlingoti, binti alimkumbatia kiunoni. Mke aliugeukia ukuta, akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

Siku ya kupiga picha walihitaji watu wengi wa kukimbia, na mke akajiandikisha. Hakumwambia mumewe sababu, ila hakuweza kukaa nyumbani akisubiri. Walimpa kikapu na kumweka kati ya wanawake wengine katika uwanja wa kituo cha mafuta kilichofungwa, ambacho mafundi walikuwa wamekigeuza kituo cha mabasi. Msaidizi wa mwongozaji, msichana mwenye kipaza sauti, aliwaeleza: mlipuko ukilia, wote wakimbilie getini, wakisikia sauti ya mtaalamu, wageuke warudi. "Na nisione mtu anamtazama mtaalamu. Hamumjui. Hajawahi kuwa ndugu yenu."

Mumewe alikuja na fulana nzito ya kikosi na kofia mkononi. Uso wake ulikuwa safi. Mke alishtuka alivyokuwa mgeni kwake, mtu mzima mwenye mvi masikioni, amesimama katikati ya taa. Vijana wa kikosi kipya, wazuri wote kama picha za kalenda, walimpa mkono na kumwita mzee wetu.

Mwongozaji akapaza sauti. Kukawa kimya.

Kwa kishindo mume na mke walikuwa wamejiandaa. Kilichokuja na kishindo hawakukijua. Nyuma ya basi mafundi walikuwa wameficha mashine ya hewa, na mlipuko ulipolia, mashine ikarusha upepo wa moto na vumbi lililompiga mtu kifuani kama kofi. Wanawake wakakimbilia getini. Mke alikimbia nao, akisubiri sauti. Hatua baada ya hatua aliisubiri, hadi wakafika getini wakasongamana, na hakuna aliyewaambia warudi.

Akageuka kutazama.

Mumewe alikuwa amelala kifudifudi, mkono mmoja chini ya kifua, shingo imepinda upande. Ameanguka vizuri kabisa. Hata kofia ilikuwa imebingirika mbali, kama inavyotakiwa.

"Kata," mwongozaji alisema. Kisha watu wakaanza kucheka, bila ubaya, kama watu wanavyomcheka mtoto aliyemwita mwalimu mama. Mumewe akainuka haraka, akaokota kofia, akasema, "Samahani, nimeteleza."

Wakarudia. Safari hii hakuanguka mwili mzima. Magoti yalipiga sakafu, akajishika kwenye nguzo na kujivuta juu, mdomo wazi, na alipopata sauti watu walikuwa getini wameshatulia, wengine wanafunga kanga zao vizuri. Hakuna aliyecheka. Mwongozaji akamsogelea, akamwekea mkono begani.

"Mzee, ni upepo tu. Pumua. Wewe simama tu na useme."

"Nitasimama."

Mke alitamani kupiga kelele kwamba wazime hiyo mashine, kwamba wampe siku moja tu jikoni, atatafuta feni, ataazima pampu, atampulizia hata kwa mdomo wake. Alifungua kinywa. Msichana wa kipaza sauti alimtazama, naye akakifunga. Aliogopa kumwaibisha mumewe.

Mara ya tatu hakukimbia. Wenzake walimpita na kumgonga mabegani, naye akabaki akimtazama mumewe, na ndiye peke yake aliyeona ilivyokuwa. Aliona macho yakikaza na midomo ikianza kuumba herufi ya kwanza. Kisha upepo ukafika, na yale macho yakazimika kabla hajafika chini. Ulikuwa mwili tu uliokuwa ukienda kazini.

Mwongozaji hakusema kata mara moja. Alitazama kioo chake kidogo cha kamera, akainama kumsemesha msaidizi, na msaidizi akamwita kijana mmoja wa kikosi, mrefu, mwenye sauti ya redio. Kijana akapewa maneno. Aliyasema mara moja, papo hapo, akiwa anavaa glovu.

"Mzee abaki pale pale alipo," mwongozaji alisema. "Amelala vizuri. Mfunikeni tu, uso na fulana visije vikaonekana."

Wakamfunika kwa turubai. Mlipuko ukalia, watu wakakimbia, kijana akapaza sauti, watu wakarudi. Mke naye alirudi, na kikapu chake, akapita kando ya turubai kama alivyoelekezwa, kama mtu asiyemjua aliyelala pale.

Walipomaliza na taa kuzimwa, alipiga magoti. "Inuka, baba nanihii. Wameondoka."

"Bado kidogo," sauti ilitoka chini ya turubai.

Fundi wa nyaya alikuja, akaona, akaanza kukunja nyaya zake upande mwingine.

Nyumbani binti alikuwa mlangoni na wasichana watatu wa darasa lake waliokuwa wakimwita Yatima, sare zimepigwa pasi, wamekuja kuyasikia maneno kabla ya dunia nzima. "Baba, hawa ndio wale," alisema. "Waambie ulivyosema."

Baba alisimama kizingitini. Mkewe aliona mdomo wake ukitafuta pa kuanzia. Hapakuwa na kishindo wala upepo, mbele yake walikuwa watoto wanne tu, na bado hakuna kilichotoka. Akawapita na kuingia ndani.

Binti alimgeukia mama yake. Mama akainama kufungua viatu, na akachelewa kuinuka.

"Sauti imemkauka," binti aliwaambia wenzake. "Amesema mno leo. Walimrudisha mara nyingi kwa sababu alikuwa mzuri."

"Itaonyeshwa lini?" mmoja akauliza.

"Bado sana," alisema binti, na akawasindikiza hadi barabarani, akiongea njia nzima bila kupumzika, huku mama yake, aliyekuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe kutoka kwa msichana wa kipaza sauti kwamba zimebaki Ijumaa tatu tu, akibaki mlangoni na kiatu kimoja mkononi.