Nilivyomwonea Mwansa Wivu Nchelenge

Asifiwe Mungu Baba, anayemwachia mzee macho ya kusoma hata meno yakimtoka. Kwa neema yake nimekwenda na nimerudi. Mimi mhubiri wenu nawaandikia ninyi wapendwa wa kanisa letu hapa Chienge, mlioniombea, ukweli wote, hata ule unaoniaibisha.

Sababu ya kuondoka mnaijua. Vita vya Kongo vilinikuta mwalimu wa shule ya msingi, nimekwisha kupata barua ya kuingia chuo kikuu. Barua ilibaki kule, mimi nikavuka ziwa kuja upande huu. Mwaka huu, nikiwa na wajukuu, chuo kinachofundisha kwa mbali kimenipokea mwaka wa kwanza wa ualimu. Wanafunzi wa pande hizi tunakutana na mwalimu Nchelenge kwa wiki mbili, na kuna majaribio mawili. Anayeanguka yote mawili anapoteza nafasi yake.

Jumatatu asubuhi nilipanda lori la samaki. Dereva alimhamisha mtu kutoka kiti cha mbele. "Ingia, papa. Mutu muzima hawezi kukaa juu ya mifuko."

Juu ya mifuko ya chisense, wale samaki wadogo wakavu, alikaa binti wa miaka kama ishirini aitwaye Mwansa, mtoto wa wavuvi wa Puta. Kiswahili alikipata akiwauzia samaki wachuuzi wetu wa kutoka Kongo. Alikuwa anakwenda darasa lilelile, na njia nzima nilimsikia akisoma somo katika simu, kwa Kiingereza kisichojikwaa. Tulipopita Kenani, mahali nilipopokelewa mkimbizi nilipotoka kwenye mtumbwi, ilinipasa kushukuru. Badala yake niliyawaza maneno aliyoyajua yule binti na mimi siyajui.

Nchelenge nilifikia kwa Mama Bwalya, mjane wa kanisa la huko. Aliniandalia ubwali, ndio ugali wa huku, na samaki waliovuliwa siku ileile, akaniwekea kitanda karibu na dirisha. Mungu amkumbuke.

Jumatano tulifanya jaribio la kwanza, na Ijumaa mwalimu alirudisha karatasi. Ni kijana anayeweza kuwa mwanangu. Karatasi ya Mwansa ilijaa wino mwekundu, naye akagombezwa mbele yetu wote: hapa umekimbia swali, hapa umerudia, hapa umefikiri vizuri kisha ukaogopa. Yangu aliniletea kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo. Ilikuwa safi. Chini kulikuwa na alama ya kuanguka, na maneno mawili: "Asante, mzee."

Nilikuwa nimemwonea Mwansa wivu kwa Kiingereza chake. Sasa nikamwonea wivu kwa kugombezwa. Ule wino wote, na mimi sikupata hata mstari mmoja.

Jioni ile wanafunzi sita tulikutana kwenye baraza la kanisa kusoma pamoja. Wao walikaa mkekani, mimi nikapewa kiti. Niliomba, nikaeleza nilivyolielewa swali la jaribio, wote wakaitikia kwa heshima, "Eya mukwai," yaani ndiyo, mzee. Niliaga, lakini njiani nikakumbuka miwani, nikarudi. Kabla sijafika pembeni mwa ukuta nilimsikia Mwansa akinitaja kwa neno lao la babu.

"Ba shikulu amekosea yote. Lakini nani atamwambia?"

"Mwambie weye mwenye kinywa," mwenzake akasema.

"Mimi? Mama yangu akisikia nimesahihisha muzee, sitakula."

Wakacheka bila ubaya, kisha wakaanza kubishana kwelikweli. Mwansa akaambiwa hajaelewa, asome tena, na akasoma tena. Niliiacha miwani palepale.

Nilimweleza Mama Bwalya. Aliendelea kuosha sahani. "Marehemu bwana yangu aliimba vibaya kanisani mpaka Mungu akamwita," akasema. "Nani angemwambia? Alikuwa muzee wa kanisa."

Jumamosi asubuhi nilifika wa kwanza, nikakaa mkekani. Walipofika walisimama tu, kwa maana kijana hawezi kukaa sawa na mzee aliyekaa chini.

"Ba shikulu," Mwansa akasema, "mukikaa chini, siye tutakaa wapi? Tuchimbe shimo?"

"Baba yako akienda ziwani na mtumbwi," nikamwuliza, "nani anamwambia amekosea?"

Akafikiri. "Ndani ya bwato, mwenye kushika taa njo anasema. Hata akiwa mudogo. Akisema vuta, baba anavuta."

"Basi hapa ni ndani ya bwato. Mi sioni maji. Shika taa."

Nikampa karatasi yangu na kalamu. Aliwatazama wenzake, akaishika kalamu.

"Banauliza juu ya nini mutoto anashindwa kusoma luga yenye haiko ya kwao. Ninyi munaambia bazazi batubu." Akafungua ukurasa wa mwisho. "Na hapa mumeandika amina."

Walicheka mpaka mmoja akalala mkekani. Masikio yaliniwaka moto. Nilikuwa nimewaandikia wazazi mahubiri, na sikujua. Akaanza kuchora mistari, ukurasa baada ya ukurasa, naye alipozoea hakunihurumia. Ndivyo tulivyofanya kila siku ya wiki ya pili.

Jaribio la mwisho nilipita, kwa nafasi ndogo sana. Mwansa alipita juu ya wote. Nilimpongeza kwa mdomo. Moyo ulichelewa, na bado uko njiani. Nimemwomba Mungu aniondolee wivu huu. Hajaniondolea bado, nami nangoja.

Nimerudi nyumbani, na Jumapili nikahubiri, nanyi mkanipa mkono mlangoni na kusema neno lilikuwa zuri. Miaka yote hii mmesema hivyo. Kwa hiyo nawaomba: Jumanne nitakuwa nyumbani mchana kutwa. Aje yeyote, hata mtoto wa katekisimu, anionyeshe nilipokosea. Nitamkalisha, na nitanyamaza.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe mtu wa kukuambia ukweli, akupe na masikio ya kumsikia, na nyumba yako ikae katika amani yake.