Tanga Lililopikwa kwa Magome

Baba alikuwa na ekari tatu za miti ya miwati kule Kichiwa, Njombe, na kwa ekari hizo alitusomesha wote. Alikata mti, akaumenya magome, akayaanika, akayafunga mizigo, lori likaja kuyachukua. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia mwaka mzima, hata kanisani Jumapili. Tulipokuwa wadogo tulitafuna magome kwa utundu tu, ulimi ukakaza mpaka maneno hayatoki, na mama akatucheka.

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akaachiwa kufanya biashara. Mitumba ikajaa Makambako, mabasi ya watu binafsi yakaongezeka, lakini lori la magome likaanza kuja mara moja kwa msimu, halafu halikuja kabisa. Mnunuzi alikuwa alhaji mmoja wa Makambako mwenye malori yake. Nilipomfuata kumuuliza, alinijibu bila kuzunguka kwamba wateja wake hawayataki tena, na kwamba yeye sasa anabeba viazi. Mama na kaka zangu wakataka miwati ikatwe tupande viazi na sisi. Baba akakataa katakata, akaendelea kumenya, na mizigo ikajaa ghalani hadi mlango haufungiki.

Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Nilikuwa mwalimu Makambako, nina mdomo, na nilichoka kupeleka unga nyumbani kila mwezi. Nikamwambia mbele ya kaka zangu kwamba amemaliza maisha yake akimenya takataka. Hakupandisha sauti.

"Miaka yote nawapa magome," alisema, "na hakuna aliyeniambia yanakwenda kufanya kazi gani. Siku mtu akinieleza yalikokwenda, na kwa nini hayatakiwi, nitaikata miwati mwenyewe."

Niliondoka bila kuaga, na nikiri kwamba hasira ile ilinikaa mwaka mzima.

Mwaka uliofuata parokia yetu ilipata marafiki Ujerumani ya kaskazini, wakaalika watu wanne, nami nikiwamo. Baridi yao haikunitisha. Mtu wa Njombe atishwe na baridi gani? Nilivaa koti la mtumba nililonunua Makambako, nikajiambia limerudi kwao kusalimia.

Siku moja wenyeji wetu walitupeleka bandarini kuona meli ya matanga ya zamani. Ilikuwa haisafiri tena. Imefungwa gatini kwa minyororo, na watu wanakata tiketi kuingia kwa sababu ni makumbusho. Mwenzetu mmoja alishikilia kamba muda wote, akiamini kwamba itaondoka nasi. Mimi miguu ilikuwa inauma, na kusema kweli milingoti na vitanda vya mabaharia havikunihusu hata kidogo. Kisha tukafika nyuma ya sitaha, nikasikia harufu ya baba.

Ilikuwa ileile ya shati lake la kazi. Palikuwa na sufuria kubwa ya chuma, na pembeni tanga moja la kahawia limetundikwa likauke. Mwongozaji akaeleza, na mwenyeji wetu, aliyewahi kufanya kazi misheni kwetu, akatutafsiria. Zamani matanga yalichemshwa kwenye maji ya magome ili yasiozeshwe na mvua. Kwanza walitumia miti yao wenyewe, baadaye wakawa wanaletewa dawa iliyokamuliwa kutoka magome ya miti ya milima ya Afrika. Siku hizi matanga ni ya nailoni, hayaozi, na viwanda vya ngozi vilivyoinunua pia vina dawa nyingine, kwa hiyo dawa hiyo haina wa kuitaka. Wao hununua magunia machache tu ya dawa hiyo na kupika tanga moja kila mwaka, wageni waone kazi ilivyokuwa.

Palikuwa na kibao cha kukataza kugusa. Nilikiona, nikalishika tanga vilevile. Vidole vikawa vya kahawia, nikavilamba, na ulimi ukakaza. Mwenyeji wetu aliona aibu kwa niaba yangu. Mimi nililia palepale, mwalimu mzima, na sikujali.

Nilirudi Kichiwa naogopa. Jibu nilikuwa nalo, lakini jibu hilohilo ndilo lingeangusha miti yake. Nilimkuta jikoni anaota moto. Baada ya salamu yetu ya kamwene na habari za safari nilimweleza yote: sufuria, tanga, nailoni. Nikamwomba msamaha kwa lile neno takataka. Aliviangalia vidole vyake.

"Ulionja?"

"Nilionja, baba."

"Likakaza ulimi?"

"Likakaza."

"Basi hayo magome ni ya kwetu."

Magome ya miti mingi hukaza ulimi, na magunia yale yangeweza kutoka nchi nyingine kabisa. Nilijua hivyo hata pale jikoni, nikanyamaza.

Asubuhi tuliamshwa na shoka la baba. Alianza na miti iliyo karibu na nyumba, na kila mti aliouangusha aliumenya palepale, akaanika magome yake juani kama vile lori linakuja.