Mbuzi Aliowakataa Mama Veronika

Enzi zetu Kasongo, mtu aliamshwa na michi. Ninyi mliokuwa wadogo pamoja nami mtanisahihisha nikikosea, maana kalamu yangu ni nzito na kichwa kimeanza kuvuja. Lakini michi ile naisikia bado, nyumba kwa nyumba, mpunga mpya ukitwangwa kabla ya umande kukauka. Jioni tulikula wali na sombe, majani ya muhogo yaliyokolea mawese, tukakimbilia kujificha mashambani mpaka mama aite, "Anayetaka kulala na nyoka abaki huko!" Tulirudi mbio. Watoto wa leo ukiwaita, wanakuuliza kwanza unawaitia nini.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Tulikaa barazani juu ya mikeka, kila mtu na ubao wake, wino wa masizi umetupaka mpaka puani, tukiimba "alifu, bee, tee" kwa kushindana. Mtoto mwenye jamaa alileta kikapu cha mpunga. Asiye na jamaa alilima shamba la mwalimu. "Asiye na mtu hulipa kwa mgongo," baba alisema, wala sidhani alisema kwa ubaya. Ndivyo alivyosoma yeye mwenyewe.

Kalonda hakuwa na mtu. Mama yake alifia njiani, katika msafara uliotoka upande wa Kabambare, naye akabaki kwetu. Alifika barazani jua limeshapanda, mikono ina udongo, akasinzia kwenye bee. Tulimcheka sana.

Mama Veronika, mke wa seremala wa mtaa wetu, hakucheka. Ndiye Mkristo wa pekee tuliyemjua. Alipokuwa msichana alipelekwa utumwani na kamba shingoni mpaka ziwa Tanganyika, na huko mapadri walimkomboa wakamlea. Asubuhi moja alimnyang'anya Kalonda jembe, akaja nalo kwa baba.

"Mwalimu, kazi ya huyu mutoto nitafanya mimi. Yeye akae kwenye ubao."

"Wewe ni Mnasara, mama. Hapa anasoma Kurani."

"Mapadri wako mbali, na mutoto anakua leo. Mimi nilifunguliwa kamba na watu wasionijua, kwa ajili ya Yesu. Hawakutaka niwalipe. Basi nitamupa huyu."

Baba akamwambia jembe lenye makali liko nyuma ya mlango.

Wanawake mtoni hawakumwacha. "Mama Veronika, jembe la mwalimu limekusilimisha?"

"Jembe halina dini, dada. Kuja ushike mpini uone."

Kalonda alifunguka kama mlango. Tulipokuwa sisi tunaimba tu kwa kukariri, yeye alianza kuunga herufi, akisoma polepole neno ambalo hakuna aliyemwimbia. Baba alisema mvua ijayo atakuwa anasoma mwenyewe.

Mvua haijaja, akaja mjomba wake kutoka Kabambare, amesikia mtoto wa dada yake yu hai. Alikuja na mbuzi wawili. Kwao, njaa ikizidi, mtoto huwekwa rehani kwa mwenye chakula, na jamaa humkomboa kwa mbuzi. Alipoonyeshwa mwanamke anayemtolea jasho mtoto asiye wake, alielewa, kama ambavyo yeyote wa kwao angeelewa, kwamba mtoto yuko rehani kwake. Akamwendea shambani.

"Dada, asante kwa kumulisha. Shika mbuzi, unirudishie mutoto."

"Mutoto si wangu, kaka. Siwezi kushika mbuzi."

"Ni wadogo? Nitaongeza."

"Mimi mwenyewe nilitolewa bei! Sitashika kamba ya mbuzi mahali pa mutu."

"Basi unakataa kumuachilia."

"Mutoto iko huru! Tangu mwanzo iko huru! Umuache tu amalize kusoma."

Mjomba aliogopa deni. Rehani isiyokombolewa hudaiwa hata kwa wajukuu. Baba alimweleza, seremala akamweleza, yeye akajibu kwamba watu wema wote husema hivyo. Akawafunga mbuzi kwenye mlango wa Mama Veronika, asije akaitwa mwizi, akamshika Kalonda mkono. Kalonda alilia, "Mjomba, nimebakiza kidogo tu!" Walikwenda.

Mama Veronika aliwafungua mbuzi. Walizurura mtaani, hakuna aliyethubutu kuwachinja.

"Ungewapokea, mama," baba alimwambia. "Yule bwana angetulia, mtoto angebaki."

"Angebaki, mwalimu, akijua bei yake."

Nimewapima wote wawili miaka mingi, na mpaka leo sijui nani alisema kweli zaidi. Mjomba naye simlaumu. Alitembea mwendo mrefu kwa upendo.

Baada ya vita vya Wazungu na Waarabu, nilipoolewa, nilipita Kabambare nikamkuta Kalonda ana mke na shamba zuri la mpunga. Alicheka kuniona. Nilimpa kitabu cha baba asome. "Herufi bado nazijua moja moja, dada," akasema. "Namna ya kuziunga ndiyo imepotea."

Siku hizi shule ya mapadri iko hapa hapa Kasongo, na wako Wakristo wanaowasomesha watoto wasio wao, wala hakuna anayekuja na mbuzi. Kengele ikilia, watoto wanajificha nyuma ya nyumba yangu. Nafungua kinywa niwagombeze, kisha namwona mwanamume mzima, kule Kabambare, amejifuta kidole kwenye nguo kwanza, akikipitisha juu ya mstari kutoka kulia, taratibu, mpaka mwisho, bila sauti.