Nyasi za Bibi Zilikuwa Bado Mbichi

Juzi walifyeka nyasi za uwanja wa jirani hapa mjini, Kashai, na harufu yake ikanifuata mpaka kwenye kiti changu barazani. Kila nikiinusa harufu hiyo, kichwa huniuma pale utosini, mahali ulipokuwa unakaa mzigo. Nikacheka peke yangu. Siku hizi mambo mengi nayafanya peke yangu.

Mimi niliishia darasa la tatu. Vyumba hivi ninavyopangisha sikuachiwa na mtu, kwa hiyo msitegemee maneno ya kubembeleza. Nitawaeleza kama ilivyokuwa, hasa nyinyi vijana mnaoamka na kulala na simu kifuani.

Nilizaliwa kisiwa cha Goziba, kwenye kambi ya wavuvi. Mama alipofariki, baba alinipakia kwenye boti, akanifikisha Buganguzi kwa mama yake, akanywa uji, akaondoka. Nilitoka mahali ambapo watu hulala wamebanana, nikaingia kwenye nyumba moja katikati ya migomba. Asiyejua migomba ya kwetu nimwambie: inafunga macho. Jirani unamsikia akikohoa, lakini humwoni. Nilisikia watoto wanacheka ng'ambo ya majani, mpira unagonga ardhi, halafu kimya.

Sikutoka. Kihaya changu kilikuwa kibovu, na siku ya kwanza kisimani watoto walishaniita Dagaa. Nikawa nakaa mlangoni nachora chini kwa kijiti, mpaka mwili ukazoea kukaa. Msidhani ilikuwa raha. Kule kukaa kulikuwa kama ugonjwa usio na homa.

Bibi hakunipa pole. Alikuwa mwanamke mfupi, mdomoni hakukosa punje ya kahawa ya kutafuna. Jioni moja alikuja akanisimamia.

"Wewe. Nyasi za ndani zimechakaa. Chukua mundu uende rweya."

Nyumba zetu wakati ule zilitandikwa nyasi sakafuni, na nyasi nzuri zilikatwa rweya, yaani kule kwenye uwanda wa wazi nje ya migomba. Nilichungulia ndani. Nyasi zilikuwa za juzi tu.

"Bibi, mbona hizi bado mbichi?"

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni wewe, waitu," nikajibu kwa heshima ya kwetu.

"Basi nenda."

Huko rweya wavulana walikuwa wanacheza mpira wa majani makavu ya mgomba, umefungwa kwa kamba za mgomba huohuo. Nilikata nyasi zangu mbali nao, nikafunga mzigo. Kabla sijautwika, alikuja Deusi, mrefu kuliko wenzake wote, akaubeba kama wake.

"Goli letu lina mlingoti mmoja," alisema. "Huu wa Dagaa unatosha."

"Ni nyasi za bibi yangu."

"Kwani tunazila? Simama hapo uzilinde."

Nikasimama kulinda nyasi. Goli halikunihusu. Mpira ulipokuja moja kwa moja kwenye mzigo wangu, nikaudaka, maana ungezifumua nami nikaanza kufunga upya. Wakashangilia, sikujua wanashangilia nini. Ukaja mwingine, nikajitupa. Jua linazama nina magoti yamechunika, na bado naitwa Dagaa, ila jina lilikuwa limebadilika ladha. Deusi mwenyewe alinitwika mzigo. "Kesho usichelewe kutumwa," akasema.

Na kweli nilitumwa, jioni hiyo na nyingine na nyingine. Kila niliporudi nilimkuta Bibi kwenye kigoda, amekielekeza njiani, taa hajawasha. Alisema neno moja tu: "Umechelewa." Nililichukua kuwa karipio.

Siku moja nilikwenda nyuma ya nyumba kukata jani la mgomba. Nikakuta nyasi zangu zimetupwa kwenye mashina, mzigo mzima mzima, mwingine hata kamba haijafunguliwa. Niliumia sana. Nikajua ananitesa, au hapendi kuniona ndani mwake. Sikumuuliza. Nilichukua mundu nikaenda, na jioni ile nilidaka kwa hasira hata haukupita mpira.

Bibi alikufa sijamuuliza. Nilipokuja mjini kusukuma mkokoteni, aliyenipa mkeka wa kulalia ni Deusi, na walionitafutia mizigo ya kwanza ni watu wa mpira wa rweya. Hayo nilikuwa nayajua siku zote. Lakini siri ya zile nyasi sikuijua mpaka alipokuja kukaa kwangu mjukuu wangu Ivo.

Ivo amemaliza kidato cha nne, kazi hana. Alikuwa analala kwenye kochi mpaka kochi likashika umbo lake. Nilimgombeza, akavuta shuka. Nikamhubiria habari za afya, akasema, "Sawa, Babu," macho kwenye simu. Siku moja nikamwambia sabuni imekwisha, akanunue kwenye duka la Mhindi lile kando ya uwanja.

"Babu, si kuna duka hapa mlangoni?"

"Sabuni yao haitoi povu."

Akaenda anaburuta kandambili. Kesho yake ikaisha tena. Sasa chini ya kitanda changu kuna miche ya sabuni ya kuoshea mji mzima. Na kila akitoka, nyumba inakuwa kimya mpaka nasikia meno yangu yanavyotafuna kahawa. Ni katika kimya hicho nilipomwona Bibi sawasawa. Migomba ilikuwa imemfunga na yeye. Katika nyumba ile alikuwa na mtu mmoja tu wa kumsikia akipumua, na Bibi akampa mtu huyo mundu ili amtoe nje, kila jioni, halafu akakaa gizani kumngoja.

Jana giza liliingia Ivo hajarudi. Nikageuza kiti kikatazama barabara. Alipotokea, kandambili ziko mkononi, magoti yana vumbi, ananuka jasho na nyasi.

"Babu, samahani, sabuni nimesahau. Kipa wao hakuja, wakaniweka mimi."

"Umechelewa," nikamwambia.