Sura ya Tisa kwenye Meza ya Kahawa

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyolala siku tatu si harufu nzuri, na sitaisifu kwa uongo eti kwa sababu ni ya utotoni. Ni kali, ina uchachu wa pombe na utamu wa tunda lililooza, na ikishaingia kwenye sweta ya shule hata sabuni ya mche hushindwa kuitoa. Kwetu Kanyakine, huko Meru, ilianza kutanda mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimeshika, ikakaa hadi Krismasi. Kiwanda kilikuwa bondeni kando ya mto, na juu yake mtelemkoni zilipangwa meza ndefu za waya na magunia ambapo kahawa iliyooshwa ilianikwa. Wanawake walisimama pande zote mbili za meza wakigeuza punje, wakitoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi. Kanuni ilikuwa moja tu, mikono isisimame. Karani wa kiwanda alizoea kusema kwamba mikono ni ya chama cha ushirika, mdomo ni wa mwenyewe, na akina mama wa kwetu hawakuhitaji kuambiwa hivyo mara mbili. Hapo, kwenye meza ya nne kutoka langoni, ndipo niliposomea fasihi ya Kihispania. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha tuendelee.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya wasichana. Aliyetuletea lugha hiyo alikuwa Mwalimu Wanja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Embu, aliyeajiriwa kutufundisha Kiswahili na dini. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameishi miaka sita Guinea ya Ikweta akifundisha watoto wadogo, na huko ndiko alikojifunza Kihispania, sokoni na kanisani. Mimi nilikuwa mtoto mwenye mdomo. Siku ya kwanza ya chama chake cha lugha nilimwambia kwamba hatuna haja na lugha ya wazungu. Akaniuliza kwa upole kama Kiingereza tulikipata kwa jirani zetu Wambeere. Darasa zima lilinicheka, nami nikakaa, na kwa sababu ya aibu ile nikarudi wiki iliyofuata kumtafutia jibu. Jibu sikulipata hadi leo, lakini lugha niliipata.

Kufikia kidato cha tatu tulikuwa tumebaki watatu katika chama, mimi, Kinya na Nkatha. Salamu na nyimbo tulikuwa tumezimaliza. Mwalimu Wanja alituambia kwamba lugha ya salamu ni ya mtu anayepita njiani, na anayetaka kukaa ndani ya lugha lazima asome kitabu kizima, akilie, akikasirikie, kisha aandike kwa nini amekasirika. Kulikuwa na mtihani wa ngazi ya juu uliofanyiwa Nairobi, ulio wazi kwa mwanafunzi wa shule yoyote. Mtahiniwa aliandika insha juu ya kitabu kimoja alichokisoma chote, kisha akaketi mbele ya mtahini na kukitetea kwa mdomo. Tukautamani mtihani ule jinsi wenzetu walivyotamani safari ya Mombasa. Alama zake hazikuhesabiwa popote katika mtihani wa taifa, na Mwalimu Wanja hakutuficha hilo hata siku moja.

Kitabu kilikuwa kimoja tu, chake, chenye jalada la kijani lililobanduka. Kilikuwa riwaya ya mwanamke mjane aitwaye Eulalia, wa nchi moja ya milimani inayolima kahawa kama sisi, ambaye shemeji zake wanalitaka shamba aliloachiwa na mumewe. Jumamosi sisi watatu tulikuwa kiwandani na mama zetu, na kwa kuwa Mwalimu Wanja alipanga chumba jirani na lango la kiwanda, alianza kuja mezani petu. Tukakiegemeza kitabu kwenye mkebe katikati ya kahawa mbichi. Mmoja alisoma aya kwa Kihispania, wa pili akaieleza kwa Kimeru, wa tatu akasema mwandishi alikuwa anataka nini, na mikono haikusimama. Kurasa zilishika madoa ya vidole vyetu. Mwanzoni akina mama walilalamika kwamba tunawapigia kelele kama kasuku. Jumamosi ya tatu nilipofunga kitabu, mama yangu aliuliza bila kuinua macho, "Na kisha?" Wahenga walisema uhondo wa ngoma uingie ucheze, na baada ya siku hiyo meza yetu ilikuwa imeingia ngomani yote.

Lazima niseme wazi kwa nini mama aliuliza. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na mdogo wake alikuwa ameanza kupita kwetu jioni, akitembea katikati ya mikahawa yetu na kugusagusa matawi. Hakuwa amesema neno. Mama naye hakuwa amesema neno. Lakini kila Eulalia alipoingia hatarini, vidole vya mama viliongeza kasi mezani, na wale wengine walimwangalia kwa pembe ya jicho kisha wakaangalia kahawa. Walibishana juu ya Mama Yulalia, kama walivyomwita, hasira zao zikiwa za kweli kabisa. Mmoja alisema angewaita wazee mapema. Mwingine alisema wazee ndio waliokula mbuzi wa shemeji. Nimekaa katika kumbi za chuo kikuu tangu wakati ule, na sijasikia uhakiki uliofanywa na watu wenye kitu cha kupoteza kama wao.

Tulipofika sura ya tisa, shemeji wanakuja usiku na taa, wanasimama mlangoni, wanamwita kwa jina. Sura inaishia Eulalia akiwa ameshika komeo. Jumatatu iliyofuata tulikuwa darasani na Mwalimu Wanja wakati wa masomo ya marudio, kitabu kikiwa wazi juu ya dawati, Mwalimu Mkuu alipoingia. Alikichukua, akakipekua, akatuuliza kiko kwenye mtaala gani. Alitangaza kwamba chama cha Kihispania kimefungwa, kwamba mwaka ujao sisi ni watahiniwa, na kwamba hatatia sahihi barua yoyote ya mtihani wa Nairobi, kisha akakitia kitabu kwapani. Mgala muue na haki umpe, mtu huyo aliitaka shule yake isiwe ya mwisho katika wilaya, na alilala kidogo kwa sababu hiyo. Lakini alipomwambia Mwalimu Wanja mbele yetu kwamba anawapotezea muda watoto wa wakulima, haki hiyo nilimnyang'anya. Watoto wa wakulima walikuwa na muda wa kila kitu isipokuwa kile walichokipenda.

Jumamosi ikafika. Akina mama walikaa tayari, wakatuangalia, kisha mama wa Nkatha akauliza tumefika wapi. Kinya akasema kitabu kimechukuliwa. Nilitarajia waseme pole, watuambie tutii, maana hivyo ndivyo tulivyolelewa, mwalimu hakosei mbele ya mtoto. Mama yangu alitupa punje moja mbovu kwenye mkebe. Akauliza kama Mwalimu Mkuu anajua kwamba yule mwanamke bado yuko mlangoni. Nikasema nadhani hajui. Akasema basi ataambiwa.

Jumatatu asubuhi sisi watatu tuliitwa ofisini, tukakuta wanawake saba wamesimama ndani wakiwa na buti za mpira na leso kichwani, chumba kizima kikinuka maganda. Mwalimu Mkuu aliwakaribisha kwa heshima, akidhani wamekuja kwa ajili ya chakula cha mchana cha wanafunzi. Mama alimwambia hawana neno na chakula.

"Tumekuja kuchukua ile kitabu ya kijani," akasema. "Kuna mama iko kwa mlango, na sisi hatujui kama atafungua."

Mwalimu Mkuu alitutazama sisi, kana kwamba tumewapanga. Akaeleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayeheshimu wazazi, kwamba somo hilo halina alama na haliwezi kuwasaidia watoto.

"Sawa, mwalimu. Na wewe umeisoma?"

"Sijui Kihispania, mama."

"Sasa ulijuaje haina kitu ndani?"

Alisema kitabu kitarudishwa mwisho wa muhula. Mama akamshukuru, wakatoka, wakaketi kwenye nyasi mbele ya dirisha lake, wakatoa nyuzi na kuanza kusuka viondo. Hawakuimba, hawakutukana. Kila mwalimu aliyepita walimsalimu, "Muga," na kila mwalimu aliitikia kisha akaharakisha. Sisi tulirudi darasani lakini sidhani kama kuna msichana aliyesikia neno la somo la kemia siku hiyo. Saa ya chakula Mwalimu Mkuu alitoka mwenyewe na kitabu mkononi. Alimpa mama kwa sharti kwamba kisisomwe tena ndani ya ua wa shule. Mama alikitia kwenye kiondo ambacho hakijakamilika na kusema kwamba ua wa shule hawakuwahi kuuhitaji.

Kwa hiyo shule yetu ya Kihispania ikahamia mezani rasmi. Likizo ya Desemba ilipoanza tulisoma kila siku, tukaandika insha juu ya magoti, Mwalimu Wanja akizisahihisha kwa kalamu iliyoteleza kwa unyevu. Na kitabu kilifika mwisho. Eulalia anafungua. Amechoka, anawakabidhi shemeji ufunguo, anashuka mlima na nguo zake kwenye furushi. Mama wa Nkatha alilia, na wengine wakakasirika kwamba walikaa kwenye nyasi asubuhi nzima kwa ajili ya mwanamke wa namna hiyo. Nilimwangalia mama, nikaogopa kwamba tumemletea kitabu kibaya. Aliendelea kuchagua punje. Kisha akasema, "Huyo ni yeye. Mimi ni mimi."

Januari baba mdogo alikuja na wazee wawili. Mama alifunga mlango, akazungumza nao kupitia dirishani, akawaambia kahawa ina mwenyewe na mwenyewe yuko ndani. Walisimama, wakakohoa, wakaondoka. Mwezi wa tano sisi watatu tulikwenda Nairobi kama watahiniwa wa kujitegemea, maana sahihi ya mzazi ilikubalika pale ambapo muhuri wa shule haukupatikana. Mama aliandika jina lake polepole, kalamu ameishika kama sindano. Mtahini aliniuliza kama Eulalia alishindwa. Nikamjibu kwa maneno ya meza ya nne, kwa sababu mengine sikuwa nayo, naye akaweka kalamu chini akanisikiliza. Kinya na mimi tulifaulu. Nkatha alianguka, na hadi leo ndiye anayesema Kihispania kizuri kutushinda wote.

Sasa ninaishi Nchiru. Siku za wiki ninafundisha Kiswahili, na Jumamosi ninafundisha Kihispania wanafunzi tisa wa sekondari katika chumba cha nyuma ya duka. Wana njia nyingi ambazo sisi hatukuziota. Wana masomo ya video, programu za simu zinazowapongeza kwa kengele, walimu wa nchi za mbali kwenye skrini. Sizidharau, ningezila kama mwenye njaa. Lakini wengi wanajua maneno elfu na hawajawahi kumkasirikia mtu yeyote ndani ya lugha hiyo. Wazazi nao wananiuliza swali lile lile la Mwalimu Mkuu, litamsaidia nini, na nimekataa kulijibu. Sina kazi ya ubalozi ya kuwaonyesha. Nina madoa ya vidole kwenye kitabu cha kijani, ambacho Mwalimu Wanja aliniachia aliporudi Embu, na nina mama ambaye bado anachuma mikahawa yake mwenyewe. Anayeona hiyo si kitu, asilete mtoto.

Mwezi wa kumi uliopita niliwapeleka wote tisa Kanyakine. Waliziba pua, kisha wakasahau kuziba. Mama sasa haoni vizuri, punje mbovu anazijua kwa kidole. Aliwasikiliza wakisoma kwa zamu, mmoja Kihispania, mmoja Kimeru, hadi jua lilipogeuka na msichana mmoja akaanza kufunga kitabu kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Mama akamuuliza wamefika wapi. Akasema sura ya tisa, mlangoni.

"Basi hapo msikate," akasema mama, na mikono yake haikusimama.